Kigoma Mbele ya Majaji

Februari 1994 wapiga kura wa Kigoma Mjini waliitwa kujaza kiti kilichokuwa wazi bungeni. Vyama vingi vilikuwa na umri wa chini ya miaka 2, maana sheria iliyovirudisha ilianza kutumika Julai 1992, na uchaguzi mkuu wa kwanza wa mfumo mpya ulikuwa bado mwaka na zaidi mbele. CCM ilimsimamisha Azim Premji. CHADEMA, chama kilichokuwa bado kinajitambulisha kwa watu, kilimsimamisha Dk. Aman Walid Kabourou, msomi aliyerudi nyumbani kutoka Marekani. Premji akatangazwa mshindi, na Kabourou akafungua shauri Mahakama Kuu.

Malalamiko yake yalikuwa mengi, lakini lililofanya shauri lile likumbukwe halikuwa ndani ya masanduku ya kura. Lilihusu redio. Kwa mtu wa Ujiji, Mwandiga au Kibirizi wakati ule, sauti ya nchi ilitoka Radio Tanzania Dar es Salaam, redio ya serikali iliyoendeshwa kwa kodi ya wote, wafuasi wa CHADEMA wakiwemo. Kabourou alidai kuwa redio hiyo ilimfanyia kampeni mpinzani wake. Jambo jingine lililobishaniwa ni barabara: serikali kukarabati barabara za mji huku kampeni zikiendelea, ni maendeleo au ni kununua kura?

Serikali haikuwa imezoea kuulizwa maswali ya namna hiyo na jaji. Ili kuona yalivyokuwa mageni, turudi nyuma kidogo, hadi wakati ambapo hata kuyatamka mahakamani kusingewezekana.

Tanganyika ilipata uhuru mwaka 1961 bila orodha ya haki za raia ndani ya Katiba. Haikuwa kusahau. Viongozi wa TANU walisema nchi changa ina kazi ya kujenga, na kwamba majaji, ambao wengi wao walikuwa Wazungu, wangeitumia orodha hiyo kuifunga serikali mikono. Mwaka uliofuata ikaja Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini. Mwaka 1966 ikaundwa Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, ambako mwananchi aliyeonewa na ofisa angeweza kupeleka kilio chake, na taarifa ya tume ikaenda kwa Rais. Wengi walisaidiwa na tume hiyo, lakini tume haikuwa mahakama.

Mahakama Kuu nayo haikuwa mikono mitupu. Ilirithi kwa Waingereza uwezo wa kuutengua uamuzi wa ofisa wa umma, kumzuia asitende, au kumwamuru atimize wajibu wake. Ndiyo mapitio ya mahakama yenyewe. Tatizo lilikuwa upana wa swali. Jaji aliuliza kama ofisa alikuwa na mamlaka, kama alifuata utaratibu, kama alimsikiliza mtu kabla ya kumwadhibu. Sheria ikimpa ofisa mamlaka ya kufanya jambo la kikatili, na ofisa akalifanya kwa kufuata taratibu zote, jaji hakuwa na pa kushika.

Mwaka 1972 Mkoa wa Kigoma ulikuwa miongoni mwa mikoa ya mwanzo kuingizwa katika operesheni ya kuhamishia watu vijijini. Waha wa Kasulu na Kibondo walikuwa wakiishi kwa kutawanyika, kila ukoo na migomba yake na makaburi yake. Operesheni Kigoma iliwakusanya kando ya barabara. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere akatangaza kwamba hadi mwisho wa 1976 nchi nzima iwe imehamia vijijini, na yaliyotokea Kigoma yakatokea kila mahali. Wapo waliohama kwa hiari wakifuata shule, zahanati na maji, wapo waliohamishwa. Mashamba yao ya zamani wakapewa wengine, au yakabaki pori. Mtu aliyenyang'anywa shamba la babu yake angeweza kumwendea balozi wa nyumba kumi, katibu wa TANU au mkuu wa wilaya. Wote watatu walikuwa watekelezaji wa operesheni ileile.

Hati ya haki iliingia katika Katiba kwa marekebisho ya tano, mwaka 1984. Hata hapo serikali iliomba nafasi: kwa miaka 3, hadi Machi 1988, hakuna aliyeruhusiwa kuitumia mahakamani kuipinga sheria yoyote. Sababu iliyotolewa ni kwamba serikali ilihitaji muda wa kuzisafisha sheria mbovu. Muda ukapita na sheria nyingi mbovu zikabaki zilivyo, na kazi ya kusafisha ikaangukia kwa majaji wachache wenye moyo. Jaji James Mwalusanya, aliyekaa Mwanza, alikuwa wa kwanza kuishika hati ile kwa mikono yote miwili. Mwaka 1991 Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, katika shauri la Daudi Pete lililotoka Kanda ya Ziwa Victoria, ikathibitisha msingi wake: sheria inayomnyima mtu dhamana bila kumwachia hakimu nafasi ya kupima inagongana na Katiba, na inapogongana, Katiba ndiyo inayobaki. Swali la jaji lilikuwa limepanuka. Sasa aliweza kuipima hata sheria aliyoitumia ofisa.

Mwaka 1994, ule ule wa uchaguzi mdogo wa Kigoma, swali hilo pana lilirudi kwenye mashamba ya operesheni. Baada ya 1984 watu wa Mkoa wa Arusha walianza kushinda kesi za kurudishiwa ardhi waliyonyang'anywa miaka ya 1970. Serikali iliona hatari: kila kijiji cha operesheni nchini, vya Kasulu na Kibondo vikiwemo, kingeweza kufumuka. Bunge likapitisha Sheria Namba 22 ya 1992, iliyofuta haki za kimila katika vijiji hivyo, ikazima kesi zilizokuwa mahakamani, na kupeleka migogoro ya aina hiyo kwenye mabaraza maalumu. Mzee mmoja wa Kambi ya Simba, wilayani Mbulu wakati huo, na mwanawe, walikuwa wameshashinda kesi yao kabla ya sheria hiyo kuwakuta. Wakaenda kuipinga.

Desemba 1994 Mahakama ya Rufani iliamua shauri lao, linalojulikana kwa jina la Akonaay. Nyalali aliandika kwamba haki ya kimila ya kutumia ardhi ni mali, na mali hailindwi na Katiba kwa sababu tu ina hati yenye muhuri. Kuichukua bila fidia ya haki ni kuvunja Katiba. Kifungu kilichozima mamlaka ya mahakama nacho kikaanguka, kwa hoja kwamba neno la mwisho katika kugawa haki ni la mahakama, na Bunge haliwezi kulihamishia kwingine kwa sheria ya kawaida. Sheria nzima haikufa, na wala vijiji havikufumuka. Mimi naiona hukumu hiyo kuwa na uzito kwa Kigoma kuliko wengi wa Kigoma wanavyojua, maana jambo walilofanyiwa likapewa jina la kisheria, miaka 20 na ushee baada ya wao kufanyiwa.

Sasa turudi kwa Kabourou. Kesi ya uchaguzi si mapitio ya mahakama kwa maana ya vitabu. Ina sheria yake na utaratibu wake. Lakini kinachofanyika ni kilekile: raia anamwambia jaji apime kama chombo cha dola kimetumia uwezo wake kihalali. Mahakama Kuu ilibatilisha uchaguzi wa Kigoma Mjini. Mwanasheria Mkuu wa Serikali, msimamizi wa uchaguzi na Premji wakakata rufaa, na rufaa ikagonga mwamba. Hukumu ilichapishwa katika ripoti za sheria za 1996. Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba Radio Tanzania ilikuwa imeegemea upande mmoja. Ubatilisho ukabaki.

Kizazi kilichozaliwa na redio za FM mkononi kinaweza kuliona jambo hilo dogo. Halikuwa dogo. Redio ya serikali ilikuwa mdomo wa chama tangu chama kilipokuwa kimoja, na aliyeitengenezea taarifa za kampeni hakujiona anavunja sheria; alijiona anafanya kazi ile aliyoifanya miaka yote. Mahakama ilimwambia kwamba kazi hiyo imebadilika. Uamuzi huo ulitoka kwenye jimbo lililo mwisho wa reli, karibu kilomita 1,250 kutoka studio zenyewe.

Kabourou alishinda jimbo hilo katika uchaguzi mkuu wa Oktoba 1995, mmoja wa wabunge watatu tu wa majimbo ambao CHADEMA ilipata nchi nzima. Aliongoza hadi 2005, akashindwa na Peter Serukamba wa CCM, baadaye yeye mwenyewe akahamia CCM na kukiongoza chama hicho mkoani Kigoma. Alifariki Machi 2018. Mawakili wa kesi za uchaguzi wanaendelea kulitaja jina lake mahakamani, mara nyingi dhidi ya chama alichofia.

Jibu la dola kwa hukumu ya Kabourou halikuchelewa. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa ili kumruhusu mgombea kutoa vitu kwa wapiga kura kwa nia njema, kama ukarimu wa kimila. Takrima, ndivyo ilivyoitwa, na watu wakacheka kwa uchungu. Kilichokuwa kikibishaniwa Kigoma kama rushwa kikawa kimepewa kiti cha heshima ndani ya sheria. Kisha yakaja masharti kwamba anayetaka kupinga matokeo ya ubunge aweke kwanza shilingi milioni 5 mahakamani kama dhamana ya gharama. Mwalimu wa shule ya msingi wa Kasulu hakuwa na fedha hizo, wala mvuvi wa Katonga.

Milioni 5 ziliondolewa tarehe 14 Februari 2002, katika shauri la Ndyanabo kutoka jimbo la Nkenge mkoani Kagera. Jaji Mkuu Barnabas Samatta na wenzake walisema sharti hilo linawafungia wasio na fedha njia ya kufika mahakamani, na kwamba usawa mbele ya sheria unaotajwa katika ibara ya 13 hauna maana kama mlango unafunguka kwa fedha tu. Takrima ilianguka Aprili 2006, baada ya Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na mashirika mengine mawili kuipeleka Mahakama Kuu. Hoja ya majaji ilikuwa ya haki za binadamu moja kwa moja: mgombea maskini na mgombea tajiri hawako sawa pale mmoja anaporuhusiwa kisheria kugawa pilau. Hata hivyo, chaguzi mbili, za 2000 na 2005, zilikuwa zimeshafanyika chini ya takrima. Hakuna aliyezirudia.

Dola ya Tanzania inashindwa kesi za Katiba mara nyingi zaidi kuliko watu wanavyofikiri. Kinachoipa ahueni ni saa ya ukutani.

Kesi ya mgombea binafsi ndiyo mfano ulio wazi zaidi. Oktoba 1994, miezi 8 tu baada ya kura ya Kigoma, Jaji Kahwa Lugakingira, katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila lililosikilizwa Dodoma, alitamka kwamba raia ana haki ya kugombea bila chama. Kabla mwaka haujaisha Bunge likairekebisha Katiba yenyewe ili kulizima tamko hilo. Mtikila akarudi mahakamani, akashinda tena 2006, akashindwa Mahakama ya Rufani mwaka 2010, akaenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha, na tarehe 14 Juni 2013 akashinda. Mpaka anafariki mwaka 2015 hakuwa amegombea hata mara moja bila chama.

Watu wa Kigoma wanaijua maana ya jambo hilo kwa majina. David Kafulila, mbunge wa Kigoma Kusini kwa tiketi ya NCCR-Mageuzi, alivuliwa uanachama Desemba 2011. Kwa Katiba yetu anayepoteza chama anapoteza na ubunge, na amri ya Mahakama Kuu ndiyo iliyomweka kitini. Zitto Kabwe wa Kigoma Kaskazini alipata amri kama hiyo Januari 2014 dhidi ya vikao vya CHADEMA. Machi 2015 kesi yake ikatupwa, chama kikatangaza kuwa si mwanachama tena, naye akaliaga Bunge. Wananchi waliowachagua hawakuulizwa katika hatua yoyote. Majaji wa Arusha walikuwa wameshasema miaka 2 nyuma kwamba mfumo huo unavunja Mkataba wa Afrika.

Kuna upande mwingine wa mapitio ambao Kigoma inaujua kuliko mkoa mwingine wowote, nao hauna wagombea wala majukwaa. Ni uraia. Ujiji ulijengwa na waliokuja: Wamanyema kutoka ng'ambo ya ziwa, wafanyabiashara wa pwani, Waarabu. Kasulu, Kibondo na Buhigwe zinapakana na Burundi, na Kiha na Kirundi zinasikilizana. Kwa hiyo mtu wa Kigoma ana uzoefu wa kushushwa kwenye basi na kuulizwa babu yake alizikwa wapi. Wakati wa Operesheni Kimbunga, Septemba 2013, maelfu walisukumwa kuvuka mipaka ya Kagera, Geita na Kigoma, na miongoni mwao walikuwamo waliodai kuwa Watanzania.

Sheria ya Uraia ya 1995 ilimwachia Waziri neno la mwisho, bila kumlazimisha kueleza sababu. Hapo ndipo sheria ya haki za binadamu ilipouliza swali ambalo sheria ya ndani ilikuwa imelizuia. Machi 22, 2018, Mahakama ya Afrika iliamua shauri la mtu aliyefika kituo cha polisi Babati kwa ajili ya taratibu za ndoa, akanyang'anywa pasipoti, kisha mwaka 2014 akafukuzwa nchini. Kenya nayo ilimkataa, akaishi katika kipande cha ardhi kisicho cha nchi yoyote huko Sirari. Majaji walisema serikali inayokana uraia wa mtu mwenye hati zake ndiyo yenye mzigo wa kuthibitisha, na wakaiagiza Tanzania irekebishe sheria ili mtu wa namna hiyo aweze kwenda mahakamani. Kwa kijana wa Manyovu mwenye cheti cha kuzaliwa na jina la Kirundi, hakuna hukumu nyingine ya karne hii inayomgusa karibu zaidi.

Lakini Novemba 2019 Tanzania iliondoa tamko lake la 2010 lililowaruhusu watu na mashirika kuishtaki moja kwa moja katika mahakama hiyo. Mwaka mmoja baadaye uondoaji ukaanza kutumika. Kati ya tarehe hizo mbili, Julai 15, 2020, majaji wale walitamka kwamba ibara ya 41(7) ya Katiba yetu, inayozuia mahakama kuchunguza ushindi wa urais uliotangazwa na Tume ya Uchaguzi, inakiuka haki ya mtu kusikilizwa. Uchaguzi mkuu ulikuja Oktoba, ibara ikiwa palepale.

Zitto, aliyekuwa sasa mbunge wa Kigoma Mjini kwa ACT-Wazalendo, alikuwa ameuonja ugumu wa kuwa na mahakama mbili zisizosikilizana. Oktoba 2018 polisi na wananchi walipigana katika eneo la ranchi huko Uvinza, na watu wakafa pande zote mbili. Zitto aliitisha waandishi wa habari na kudai kwamba waliouawa ni wengi kuliko walivyotajwa. Alishtakiwa kwa uchochezi. Machi 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki iliamua kwamba vifungu vya uchochezi katika Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Mei 2020 Mahakama ya Kisutu ilimtia hatiani, ikamwachia kwa sharti la kutotamka maneno ya uchochezi kwa mwaka mmoja. Mwaka huo ulikuwa na uchaguzi ndani yake.

Alipokwenda yeye kudai, alishinda. Novemba 2019 Profesa Mussa Assad alikuwa ameondolewa katika nafasi ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali baada ya miaka 5, na Charles Kichere akateuliwa. Zitto alipinga kifungu cha Sheria ya Ukaguzi wa Umma kilichoweka muhula huo, akisema Katiba inamlinda mkaguzi mpaka umri wa kustaafu. Desemba 2022 majaji watatu wa Mahakama Kuu walikubaliana naye kwamba kifungu kinapingana na Katiba. Assad hakurudi ofisini.

Kigoma sasa ina masjala yake ya Mahakama Kuu. Wakili wa Kasulu halazimiki tena kupanda treni kwenda Tabora, na hilo limebadilisha mengi kuliko hotuba za Siku ya Sheria. Utaratibu wa mapitio wenyewe, kwa kanuni za 2014, uko hivi: mlalamikaji anaomba kwanza ruhusa, ndani ya miezi 6 tangu uamuzi utolewe, akiipata anafungua maombi rasmi ndani ya siku 14. Akitaka kudai haki za kikatiba, shauri linakwenda kwa sheria ya 1994 mbele ya majaji watatu, na kwa marekebisho ya 2020 ilimlazimu aape jinsi alivyoathirika yeye binafsi na aoneshe kwamba amemaliza njia nyingine. Pingamizi la awali la serikali huja karibu kila mara.

Mei 15, 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kwa miezi 3, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka, ili dagaa na migebuka wapate kuzaliana. Sababu ilikuwa nzuri, na wapo wavuvi walioiunga mkono. Mvuvi wa Kibirizi mwenye mkopo wa injini, aliyetaka jaji aulize kama alisikilizwa kabla ya uamuzi, au kama haki yake ya kufanya kazi katika ibara ya 22 ilipimwa, angeanza kwa kutafuta wakili, kuapa kiapo na kuomba ruhusa. Serikali ingeleta pingamizi, lipangiwe tarehe, lijibiwe kwa maandishi. Agosti 15 ziwa lilifunguliwa.